Laiki, komenti, inboksi au sauti: ipi inamfikia aliyefikwa?

Ni usiku, unapitisha kidole kwenye simu, mara unakutana na posti ya mtu unayempenda: "Baba ametutoka leo jioni." Chini yake watu themanini wameshaandika, na karibu wote wameandika neno lile lile. Unaandika, unafuta. Unaandika tena, unaona ni jepesi mno, unaongeza "sana", kisha unaongeza mikono iliyokutanishwa. Mwishowe unaiweka simu chini ukijiambia utaandika kesho ukipata maneno ya maana. Kesho inageuka wiki.

Nimekaa pande zote mbili za posti kama hiyo. Nilipokuwa upande wa aliyefiwa nilijifunza jambo ambalo sikulijua nilipokuwa mwandikaji: maneno "niko nawe" yakija kwa komenti, yakija inboksi na yakija kwa sauti, ni vitu vitatu tofauti. Kwa hiyo sasa huanza na njia kabla ya maneno, na kipimo changu ni swali moja. Nikishatuma, nani anabaki na kazi? Zipo salamu zinazomwachia mtu deni la kujibu, kueleza, kushukuru na kuonyesha kwamba ameziona, siku ambayo hata kuoga kunamshinda. Na zipo zinazomtua mzigo.

## Laiki na emoji

Kitufe cha kupenda kiliingia Facebook mwaka 2009. Kwa miaka saba, aliyeandika kwamba amefiwa alipewa dole gumba lile lile lililopewa picha za harusi. Februari 2016 ikaongezwa alama ya moyo pamoja na nyuso za kicheko, mshangao, huzuni na hasira. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, ukaja uso unaokumbatia moyo. Kwa hiyo leo huna haja ya "kupenda" habari ya kifo. Hata hivyo, alama hubonyezwa mara moja tu, na anayeipokea anajua hivyo. Moira Burke na Robert Kraut, katika utafiti wa mwaka 2016 uliofuatilia watumiaji 1,910 wa Facebook, waliona kwamba hali ya mtu iliimarika alipoandikiwa maneno yaliyomlenga yeye, na mtu wa karibu naye. Kubonyezewa kitufe hakukuwa na matokeo hayo.

Laiki inatosha mnapojuana kwa mbali, au pale ambapo umeshamwandikia faragha na sasa unataka tu ajue kwamba bado unamwangalia. Haimwachii deni, na hilo ni jema. Lakini kwenye msiba epuka emoji iliyokuja peke yake. Mikono iliyokutana mmoja huisoma kuwa dua, mwingine asante, mwingine ombi. Uso wa machozi ya kicheko na uso unaolia kwa uchungu, kwenye skrini ndogo, vinakaribia mno kufanana.

## Komenti au inboksi

Uamuzi wenyewe uko hapa, na wengi wetu hukosea kwa kuchukua iliyo karibu na kidole.

Komenti ina nguvu ambayo inboksi haitakuwa nayo kamwe: mashahidi. Zipo huzuni ambazo watu hawazihesabu kuwa huzuni, kama mimba iliyotoka, kazi iliyopotea, uchumba uliovunjika, au kufiwa na rafiki wakati poleni zote zinakwenda kwa familia ya marehemu. Anayeandika hadharani juu ya jambo la namna hiyo amejitoa. Anangoja kuona kama kuna mtu atakayesema, "Hili ni pigo, nimeliona." Ukija inboksi tu, umemfariji, lakini pale uwanjani umemwacha amesimama peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa anayechafuliwa jina mbele ya watu. Rafiki anayemnong'oneza "nakuamini" huku akinyamaza pale anapochafuliwa amempa nusu tu ya anachokihitaji.

Tena komenti hubaki, na husomwa upya. Chini ya posti yangu mtu nisiyemfahamu aliandika kwamba baba aliwahi kumsindikiza usiku hadi kituoni akiwa amembebea mzigo, na njia nzima hakumwuliza jina. Sikuwahi kukijua kisa hicho. Nilikirudia usiku ule, na mwaka uliofuata Facebook iliponirudishia posti hiyo kama kumbukumbu nikakisoma tena. Zile "apumzike kwa amani" sitazibeza, kwa sababu idadi yake nayo ilinishika mkono, ila hakuna hata moja ninayoweza kusema ni nani aliyeiandika. Kwa hiyo ukiandika hadharani, weka jambo moja ambalo ni wewe tu unayelijua. "Alikuwa mtu mwema" halimwambii mwanawe kitu asichokijua.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti zinazozua mazungumzo kati ya ndugu na marafiki. Maana yake kila komenti inaisukuma posti mbele ya macho mengine, yakiwemo ambayo mwenyewe hakuyafikiria. Habari ya msiba huenda ikanufaika kwa hilo. Lakini posti iliyoandikwa saa nane za usiku na mtu ambaye asubuhi atataka kuifuta inafunguliwa mlango na wewe, na umati unaingia nyuma yako.

Kisha kuna wasikilizaji, na wewe unawajua kwamba wapo. Sentensi inaanza kunyooshwa kwa ajili yao bila mwenyewe kuhisi. Dalili moja hainidanganyi: nikijikuta ninamtaja aliyefikwa kwa nafsi ya tatu, "dada huyu amepambana sana", huku nikiandika kwenye ukurasa wake mwenyewe, najua nimeshamgeuzia mgongo na ninahutubia wengine. Hapo nafuta, naanza na "wewe".

Maswali yasiwepo kabisa hadharani. "Nini kimetokea?" "Alikuwa anaumwa?" "Jamani si juzi tu tulikuwa naye?" Kila mojawapo linamtaka aliyefiwa asimulie kifo upya, mbele ya watu, kwa ajili ya utulivu wa muulizaji.

Lakini linaloniumiza zaidi kuhusu komenti nyingi ni udanganyifu wake kwa sisi tunaoziandika. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio ambamo mtu, akiwa peke yake chumbani, alisikia kwenye vipokea sauti vya masikioni sauti ya mwenzake akizidiwa na kifafa. Waliodhani ndio pekee wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakoma. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, waliotoka walikuwa asilimia 31. Posti yenye komenti themanini ni jaribio lile lile. Kila mmoja anaamini kwamba aliye karibu zaidi ameshapiga simu, ameshakwenda, ameshauliza kama kuna mtu wa kulala naye usiku huo. Nimeshuhudia mtu mwenye "pole" mia mbili ambaye kwa wiki nzima hakuna aliyebisha hodi.

Inboksi huvunja hilo, kwa kuwa mko wawili tu. Unaweza kuuliza, unaweza kuahidi, na anaweza kukujibu ukweli ambao asingeuandika mbele ya shangazi na wafanyakazi wenzake. Tatizo lake ni deni. Tangu Novemba 2014 WhatsApp huonyesha tiki za bluu, mtu asipozizima, hivyo akiusoma ujumbe wako anajua kwamba unajua ameusoma. Mtu mwenye jumbe sitini za faraja ana majibu sitini ya kuandika. Dawa yake ni maneno mawili, "usihangaike kunijibu", na mahali pake ni mwanzoni. Ukiyaweka mwishoni, amesoma ujumbe mzima akitunga jibu.

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Ukihitaji chochote niambie." Ya pili: "Kesho naweza kukaa na watoto kuanzia saa nne hadi jioni. Niandikie 'ndiyo' au 'siku nyingine', inatosha." Ya kwanza inasemwa kwa moyo safi, najua, nimeisema mara nyingi. Lakini inampa kazi tatu: atafute anachohitaji, apime kama unaweza kukifanya, kisha akuombe. Ya pili imemwachia neno moja.

Linganisha tena "naelewa unavyojisikia" na "sijui ikoje kuwa hapo ulipo, ila ile sehemu uliyoandika kwamba hukupata kumuaga haijanitoka kichwani." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyelala juu yake hutambua haraka anayejifanya kuwajua. Kinachomgusa katika sentensi ya pili ni kwamba umemsoma. Umeshika maneno yake mwenyewe ukamrudishia, na kitufe hakiwezi kufanya hivyo.

Kuhusu neno "pole" nina la kusema, maana lugha yetu imebarikiwa nalo. Ni neno la kumhurumia mtu bila kukiri kosa, na linamfaa aliyejikwaa kidole kama linavyomfaa aliyezika mzazi. Ana kwa ana upana huo hauna shida, kwa sababu sauti ndiyo inayolipa ukubwa wake: inashuka, inavutwa, inakatika. Kwenye maandishi ukubwa huo hupotea, ndiyo maana vidole vyetu vinaandika "poleee" vikitafuta ule mvuto, na mara nyingi linatoka kama utani. Njia bora ni kulipa neno hilo kitu cha kushika. "Pole kwa kumuuguza miezi yote ile bila kulala" ni pole nyingine kabisa. Na ukiwa unawaambia nyumba nzima, andika "poleni", kisha mwandikie peke yake yule ambaye watu humsahau: mkwe, mtoto wa kambo, mdogo aliyekuwa mbali.

Hukumu yangu kati ya hizi mbili: mtu wa karibu, inboksi kwanza, komenti baadaye ikiwa kuna kumbukumbu ya kuweka au jina la kutetea. Mtu wa mbali, komenti yenye jambo moja mahususi inatosha, na usimwingilie inboksi kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

## Maandishi, ujumbe wa sauti au simu

Tukihesabu uwazi peke yake, sauti inashinda. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walionyesha jinsi tunavyojidanganya tunapoandika. Watu waliotuma sentensi za kejeli na za dhati kwa barua pepe walitabiri kwamba wangeeleweka kwa asilimia 78. Waliosoma walipatia kwa asilimia 56, karibu sawa na kurusha sarafu. Waliosikiliza sauti walikaribia robo tatu. Na mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Leslie Seltzer wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison waliwaweka wasichana wadogo kwenye mtihani wa kuwatia wasiwasi, kisha wakawaruhusu kuwasiliana na mama zao kwa njia tofauti. Waliosikia sauti ya mama, ana kwa ana au kwa simu, homoni ya msongo ilishuka na ile ya ukaribu ikapanda. Waliochati kwa maandishi walibaki kama wale ambao hawakuwasiliana na mtu.

Huenda basi ukaona heri kutuma sauti kila mara. Rudi kwenye kipimo. Maandishi yanasomeka kwenye korido ya hospitali, katikati ya watu, kwa jicho moja. Ujumbe wa sauti unamtaka atafute mahali pa faragha, na wa dakika nne huwezi kuupitia haraka ukaona kuna nini. Tena kwa mtu mwenye mgonjwa mahututi kila ujumbe wa sauti unaoingia unamshtua. Nilipomuuguza baba, moyo ulikuwa ukiniruka kabla sijabonyeza. Kwa hiyo mimi hutanguliza mstari mmoja wa maandishi, "hakuna habari humu, ni salamu tu", halafu natuma sauti isiyozidi dakika moja. Nasema polepole na sirekodi mara ya pili hata nikikwama, maana kule kukwama nako kunamwambia kitu.

Simu inampa mtu vingi kuliko zote na inamdai vingi kuliko zote, kwa sababu inamtaka awe tayari dakika hiyo hiyo. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwafanya watu wawatafute marafiki wa zamani. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021, watu walihofia kwamba simu ingekuwa na ukakasi kuliko barua pepe. Waliopiga walijihisi karibu zaidi na wenzao, na ukakasi haukuwa mkubwa kuliko wa kuandika. Hilo nalichukua kwa uzito kwa rafiki aliyepotea tu, ambaye hamjasemezana siku nyingi: piga. Kwa aliyefiwa jana, omba kwanza: "Naweza kukupigia saa tatu usiku? Ukinyamaza nitajua si leo."

Kuna hali moja ambapo hupaswi kuomba ruhusa. Mtu akiandika kwamba amechoka kuishi, kwamba wengine watapumzika asipokuwepo, au akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, acha laiki, acha komenti, piga simu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye kwenye simu, na kwa simu nyingine mtafute aliye karibu naye afike alipo, au huduma ya dharura. Komenti kwenye posti ya namna hiyo ni hatari hasa, kwa sababu watatokea wa kumkemea na wa kubishana wao kwa wao, naye anasoma.

## Kundi, na ukurasa wako mwenyewe

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kugawana kazi na baya kwa faraja. Wa kwanza akiandika pole, thelathini wananakili, na kufikia jioni mtu ametuma video ya kuchekesha katikati. Ukiwa admini, teueni mtu mmoja wa kuwasiliana na aliyefikwa, wengine wapitie kwake.

Kumposti mwenzako kwenye stetasi yako ndiyo njia ninayoiweka chini kabisa, ila pale tu alipokuomba. Susan Silk, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika pamoja na Barry Goldman kwenye gazeti la Los Angeles Times mwaka 2013 wakipendekeza uchore miduara. Aliyefikwa anakaa katikati, kisha walio karibu, kisha wa mbali. Faraja ielekee ndani, na malalamiko yaelekee nje. Unapoandika "nimevunjika moyo, rafiki yangu kafiwa", pole zinaanza kuja kwako, na umeugeuza mkondo. Na kama familia haijatangaza, usitangaze. Wapo watoto waliojua kifo cha mzazi kupitia stetasi ya mtu baki.

## Ukichelewa

Wengi wanaosoma hapa, nadhani, wana mtu ambaye walipaswa kumwandikia miezi iliyopita. Chaguo lililobaki ni ujumbe uliochelewa au kimya, na nina hakika na jibu. Peggy Liu na wenzake walichapisha mwaka 2022 majaribio kadhaa juu ya watu wanaowatafuta wenzao bila kutarajiwa. Waliotuma walikadiria kidogo kuliko ukweli jinsi ambavyo wangethaminiwa, na kadiri jambo lilivyokuwa la kushtukiza ndivyo lilivyothaminiwa zaidi. Andika kwamba umechelewa kwa mstari mmoja. Usieleze sababu tano, maana atalazimika kukusamehe kabla hajakusikia.

Mwezi wa tatu baada ya baba kufa, simu yangu ilikuwa imenyamaza. Ukaingia ujumbe wa mtu tuliyesoma naye zamani: "Nimejua leo. Najua wenzangu walishamaliza kukuandikia. Nieleze jambo moja alilokuwa akipenda kulisema, ukiwa na nafasi." Kwa kipimo changu mwenyewe, alinipa kazi. Lakini kufikia hapo nilikuwa nikiitamani kazi hiyo, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akinipa. Nilimwandikia hadi saa saba za usiku.